Mishipi iliacha kusokotana nilipofunga mianzi ubavuni

Navua samaki aina ya sangala na kuhe kwa kukokota chambo bandia nyuma ya boti ya mbao ya mita 5, hapa Kibirizi, Kigoma. Kila nikikata kona, mishipi miwili ilisokotana. Asubuhi nzima nafungua mafundo!

Dawa ikawa miti ya kuitanua mishipi, mmoja kila ubavu. Bomba la chuma lilikuwa zito, boti ikayumba vibaya. Nikachukua mianzi mikavu ya mita 3, myepesi, inayopinda bila kuvunjika.

Kazi yenyewe iko kwenye shina la mwanzi, pale unapofungwa kwenye boti. Mwanzoni nilitumia skrubu tupu, mawimbi yakazing'oa. Safari hii nilipachika kipande cha mvule chini ya ukingo, nikatoboa vyote viwili, nikakaza bolti na washa pana. Kamba kutoka katikati ya mwanzi hadi omo, yaani mbele ya boti, inauzuia usivutwe nyuma.

Kibanio cha nguo kinapelekwa nchani kwa kamba nyembamba inayopita kwenye pete. Kinashika mshipi, samaki akivuta, kinauachia. Juzi kuhe wawili walikamata kwa pamoja, na mishipi haikugusana.