Protini ya changu, na ushauri wa EDTA ulionilia samaki kilo tatu

Kila niliyemuuliza namna ya kutoa protini kwenye nyama ya samaki alinijibu lilelile: tia EDTA, kemikali inayonyakua chembe za madini, milimola 5 kwenye bafa (maji yenye pH isiyoyumba), ili vimeng'enya visiitafune protini yako. Kwa protini nyingi ni ushauri mzuri. Kwa parvalbumini, protini ya nyama ya samaki niliyokuwa naitafuta, ni balaa, na hakuna hata mmoja aliyenitahadharisha. Kilo tatu za changu wa soko la Deep Sea, tena kwa bei ya siku ya upepo, zikaishia kwenye ndoo ya taka.

Parvalbumini ndiyo inayowadhuru wengi wenye mzio wa samaki. Ni kadogo: asidi amino (pingili za mnyororo wa protini) 108 au 109, uzito wa kilodaltoni 12 hivi, na imejaa kwenye nyama nyeupe. Moto hauitishi. Kwa hiyo mama ntilie anayemtolea mteja kipande cha samaki na kumwachia mchuzi hajamsaidia kitu, maana protini yenyewe imeshahamia kwenye mchuzi.

Ukaidi huo wa moto ndio niliotaka kuutumia. Chukua gramu 100 za nyama nyeupe. Ngozi toa, na ule utepe mwekundu wa ubavuni toa pia, parvalbumini yake ni haba. Saga na mililita 200 za bafa baridi ya Trisi, milimola 20, pH 7.5. Barafu ya wavuvi inatosha kupozea, ila ibaki nje ya chombo. Zungusha kwenye sentrifuji, mimina maji ya juu kwenye chupa, kisha itumbukize chupa kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 15 huku unakoroga. Utaona kama tui lililokatika: protini nyingine nyingi zinagandana. Poza upesi, zungusha tena, na parvalbumini inabaki kwenye maji masafi ya juu.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Mimi na EDTA yangu tulipata tui lililokatika vizuri kuliko la kwenye vitabu, na maji ya juu yalikuwa meupe pe. Nikajisifu. Jeli ya asilimia 15, ile ya kutenganisha protini kwa uzito, ikanionyesha kivuli tu pale kwenye kilodaltoni 12. Nikalaumu samaki kwamba amelala. Nikanunua wa alfajiri. Nikalaumu rangi ya jeli, nikachanganya nyingine. Mara ya tatu, kwa uangalifu wangu wa kipumbavu, nikaongeza EDTA ifike milimola 10, na hata kivuli kikapotea.

Jibu lilikuwa kwenye umbo, na umbo lenyewe linajulikana tangu 1973, Kretsinger na Nockolds walipochapisha muundo wa parvalbumini ya samaki wa maji baridi, Cyprinus carpio. Faili 4CPV kwenye hazina ya miundo ya protini ni la bure; lifungue kwa programu ya ChimeraX kwenye kompyuta yoyote ya kawaida. Utaona vitanzi viwili, kila kimoja kimekumbatia chembe ya kalsiamu, kama gololi iliyobanwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Wanaoishika kwenye kitanzi cha kwanza ni pamoja na asidi amino ziitwazo aspatiki, namba 51 na 53 kwenye mnyororo. Cha pili, namba 90 na 92. Kalsiamu ndiyo kigingi. EDTA kazi yake ni kunyakua kalsiamu. Kigingi kikitoka, protini inalegea, na kwenye nyuzi 80 inagandana na wenzake na kuzama kwenye mashapo. Niliyokuwa nayatupa ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

Dawa ya hilo ni senti chache: badala ya EDTA, kalsiamu kloridi milimola 1. Vimeng'enya vidhibiti kwa baridi na haraka.

Sasa njoo kwenye matibabu ya mzio, maana hapo kosa langu linageuka mtaji. Kingamwili za IgE za mgonjwa, zile zinazoamsha mzio, hushika zaidi umbo la parvalbumini lililokunjwa na kalsiamu. Ukiiondoa kalsiamu, nyingi hazioni cha kushika. Watafiti wa Vienna walichapisha mwaka 2007 parvalbumini ya kutengenezwa ndani ya bakteria ambayo zile aspatiki nne, 51, 53, 90 na 92, zimebadilishwa kuwa asidi amino nyingine, alanini. Haishiki tena kalsiamu, haijikunji, na IgE inaitambua kwa shida. Lakini mnyororo wake ni karibu uleule, kwa hiyo seli T za kinga ya mwili zinaona vipande vilevile, na mwili unaweza kujifunza kutoa kingamwili za IgG zinazoziba njia ya IgE. Protini hiyo ilifungwa kwenye alumini haidroksaidi ichomwe chini ya ngozi, ikaingia kwenye majaribio ya watu chini ya mradi wa Ulaya ulioitwa FAST. Yaani wenzangu walilitengeneza kwa makusudi lile lililonitia hasara mimi.

Mitego miwili zaidi, kwa kuwa nayo hakuna aliyeniambia. Usipime parvalbumini kwa mwanga wa nanomita 280. Kipimo hicho hutegemea triptofani na tairosini, na hii kwa kawaida haina triptofani, na tairosini ni haba au hamna. Mashine itasema sifuri, nawe utamwaga mali. Ina fenilalanini tele, basi soma karibu na 259. Wa pili ni utando wa kuchujia chumvi. Ule wa kawaida una matundu ya kilodaltoni 12 hadi 14. Asubuhi utakuta protini imetorokea nje kwenye ndoo. Tafuta wa 3.5, bei yake inauma lakini hakuna njia nyingine.  

Kinga mikono na pua wakati wa kusaga na kuchemsha. Mvuke wake unamdhuru mwenye mzio. Wala usimpake mtu ngozini kumjaribu, hiyo ni kazi ya hospitali yenye adrenalini mkononi. Halafu si kila anayevimba midomo kwa jodari ana mzio: jodari na kibua walioachwa juani hujaa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na hiyo inamshika yeyote. Papa na taa nao wana parvalbumini ya ukoo mwingine, na kuna wenye mzio wa samaki waliopimwa wakaonekana wanaivumilia ya taa. Tena, hospitali.

Kwenye kompyuta nilitaka kuona mnyororo ule wenye alanini nne umelegeaje, nikaupeleka AlphaFold 2, programu ya kukisia umbo la protini. Ikanirudishia umbo lilelile zuri, na alama za kujiamini juu kabisa. Usidanganyike. Programu ile imejifunza kutoka kwa ndugu wote wa parvalbumini, asidi amino nne haziibabaishi, na chembe za kalsiamu haiziweki kabisa. Kulegea kunapimwa kwenye maji. Mashine ya kupima mkunjo kwa mwanga uliopindishwa sina, kwa hiyo nina mirija miwili ya mililita 1.5 yenye parvalbumini: mmoja una kalsiamu, mwingine una EDTA ileile iliyobaki kabatini, yote inaingia nyuzi 80 kwa pamoja, kisha jeli.