Tumbo la mtoto lilisoma wiki 35, nami nilikuwa na 32

Naandika kwa ajili ya mama yeyote aliyeambiwa ana kisukari cha ujauzito, halafu akaambiwa na tarehe zake amezikosea. Mimi sikuwa nimekosea, na kidogo tu nikubali.

Nilipimwa wiki ya 26. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 5.6, na kikomo kwenye kipimo kile cha glukosi gramu 75 ni 5.1. Mama mkwe, ambaye nampenda sana, aliendelea kuniletea uji wenye sukari: "Kunywa mwanangu, mko wawili." Nilikuwa naupokea kwa heshima na kumpa mtoto wa jirani. Ugali nikaupunguza, mchicha na dagaa nikaongeza, metfomini, dawa ya kushusha sukari, nikaanzishiwa. Hayo yalikwenda. Kilichonitoa machozi ni ultrasaundi.

Wiki ya 32 niliogopa foleni ya hospitali, nikaingia kituo kimoja cha karibu na nyumbani. Bei ilikuwa elfu ishirini na kitu. Mpimaji hakuniuliza kama nina sukari, wala hakuomba picha za nyuma. Dakika tano akanifuta jeli, akasema, "Mama, mimba hii ni ya wiki 33. Tarehe zako si sahihi." Akachukua kalamu, akakata tarehe ya kujifungua kwenye kadi yangu ya kliniki na kuirudisha nyuma wiki moja.

Usiku ule sikulala. Nikatafuta picha ya kwanza kabisa. Karatasi zile hufifia kama risiti za dukani. Yangu ilikuwa imebaki kivuli cha kijivu. Ila siku ileile nilipopimwa nilikuwa nimeipiga picha kwa simu. Nikaikuza kwa vidole: mtoto kutoka kichwani hadi makalioni milimita 23, wiki 9. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani, mara tatu. Wiki 32 kamili. Ndipo nikaisoma karatasi mpya mstari kwa mstari, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kichwa: wiki 32. Mfupa wa paja: wiki 32. Mzunguko wa tumbo: sentimita 31, wiki 35. Mashine ilikuwa imechanganya vyote na kutoa wastani!

Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye foleni niliyoikimbia. Daktari aliweka karatasi mbili pamoja, akanieleza kwa utulivu. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, insulini haipiti. Kwa hiyo kongosho la mtoto hutengeneza insulini yake kwa wingi, na ile sukari hugeuka mafuta, hasa tumboni na mabegani. Kichwa na mifupa havinenepi hivyo. "Hilo tumbo halikuonyeshi wiki, linakuonyesha sukari," alisema. Umri wa mimba ukishapangwa kwa picha ya miezi mitatu ya mwanzo, picha ya mwishoni haiubadilishi. Tungeifuata tarehe ile mpya, ningeanzishiwa uchungu wiki ya 38 watu wakidhani ni 39, na mapafu ya watoto wa mama wenye sukari huweza kuchelewa kukomaa. Mikono ilinitetemeka nikiisikia hiyo.

Tangu siku hiyo nikawa na daftari dogo la mistari: tarehe, wiki kwa hesabu ya picha ya kwanza, kichwa, tumbo, paja, kina cha maji ya uzazi. Kila aliyenipima nilimkabidhi daftari kabla sijapanda kitandani. Wengine walikunja uso, mmoja alinisifu. Dawa iliongezwa, nami nikaanza kutembea dakika ishirini kila nikimaliza chakula cha usiku. Wiki ya 34 tumbo 32.2, wiki ya 36 likawa 33.6. Mstari ulikuwa umeanza kulala. Kilo walizokadiria sikuzishika sana, maana makadirio yale hukosea hata kwa asilimia 10 hadi 15.

Wiki ya 37 walitaka kuona mtoto anajongea, anakunja na kukunjua viungo, na anafanya mazoezi ya kupumua kwa sekunde 30 mfululizo. Amelala! Mama mmoja kwenye benchi alinishauri ninywe soda ili aamke. Jamani, kwa mwenye sukari? Daktari akanilaza ubavu wa kushoto na kusubiri, kwa sababu mtoto tumboni huweza kulala dakika arobaini. Dakika ya ishirini na tano hivi nikaona kwenye kioo kifua kidogo kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, na kiganja kikafunguka kama kinaomba kitu. Maji sentimita 5. Alama zikawa nane kati ya nane.

Nilianzishiwa uchungu wiki ya 39 ya kweli. Kilo 3.6, mabega yakapita bila shida. Nikamnyonyesha ndani ya nusu saa kama nilivyoagizwa. Baadaye wakamchoma kisiginoni kupima sukari: 3.2, salama. Akalia kidogo, nesi akanirudishia, akanyonya tena.