Maji ya mfereji Lamu: nilivyofunga mtambo wa kuyachuja

Maji ya mfereji hapa mjini hutoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Ni maji ya mvua yaliyoelea juu ya maji ya bahari, na yakivutwa kupita kiasi munyu hupanda. Ndiyo maana sikununua mtambo wa taa ya UV peke yake. Taa huua vijidudu, na kuchemsha pia huua, lakini munyu hauondoki; ukichemsha sana ndipo unapozidi, kwa kuwa maji yamepungua. Cha kutoa munyu ni membreni, utando wenye matundu madogo mno unaopitisha maji na kuzuia munyu; mtambo wenye membreni ndio huitwa RO.

Mpangilio wangu: kichujio cha mikroni 5 kinachozuia mchanga na matope, kisha mkaa, kisha membreni, kisha tangi dogo la presha. Usiruke mkaa: ndio unaotoa klorini, ile dawa ya kuua vijidudu majini. Klorini ikifika kwenye membreni huila, na kwa macho huoni kitu. Utajua tu maji yameanza kuonja chumvi.

Kilichonisumbua zaidi ni presha. Tangi la juu ya dari lililo mita 6 juu ya jiko hutoa kama bar 0.6 tu, na membreni yataka 3 hadi 4. Bila pampu maji yalidondoka tone kwa tone, tena hayakuwa matamu. Nikaongeza pampu ndogo kabla ya membreni, yakaja vizuri. Yakianza kutoka kwa unyonge baadaye, toa maji yote kwenye lile tangi dogo la presha, pima presha ya upepo wake: PSI 7 (kama bar 0.5) yatosha, na pampu ya baiskeli huujaza.

Kuvuja mara nyingi husababishwa na ule mpira wa duara kwenye kikombe cha kichujio. Chembe moja ya mchanga ikikaa chini yake, hata ukikaza vipi maji yatapita. Ufute kwa kidole, uupake grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando huuvimbisha. Kikombe kaza kwa mkono. Spana hukipasua.

Mkaa mpya hutoa maji meusi, kwa hiyo yamwage kabla hayajafika kwenye membreni, kisha mwaga tangi zima la kwanza. Halafu nunua kipimo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, ni kidogo kama kalamu: pima maji ya mfereji, pima yaliyochujwa. Haya ya pili yakipita sehemu moja kwa kumi ya yale ya kwanza, membreni imechoka. Kichujio cha mchanga mimi hubadilisha kikigeuka rangi ya udongo, sisubiri tarehe.

Kila lita 1 ya kunywa hutupa lita 2 au 3. Hayo nayakinga kwenye pipa, ya choo na sakafu. Mimea haiyataki, yana munyu mwingi.

Na maji yaliyochujwa hayana klorini ya kuyalinda. Ukiyatia mtungini na kila mtu akachovya kata, yamechafuka tena. Yaweke kwenye jerikeni yenye koki na kifuniko.