P0135: Sensa ilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa kwenye waya

Sensa ya oksijeni ya gari langu, ile inayopima moshi wa ekzosi ili kompyuta ya injini ijue petroli ya kutia, haikufa hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Tororo, Busia, Mbale na hata Kampala kwenyewe wanaouziwa sensa moja baada ya nyingine, kumbe kinachoumwa ni kipande cha waya.

Gari ni Toyota Premio ya 2002, injini ya 1ZZ. Ndilo linalobeba vitambaa vyangu kutoka Malaba hadi sokoni Mbale. Tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza Uganda magari yaliyofikisha miaka 15, sisi wenye haya ya zamani hatuna budi kuyatunza. Taa ya injini ilipoanza kuwaka, petroli nayo ikawa inaisha upesi, na asubuhi ekzosi ikawa inanuka mafuta mabichi muda mrefu baada ya kuwasha.

Fundi akachomeka mashine yake ikasoma msimbo wa hitilafu, P0135. "Mama, sensa imekufa. Tununue nyingine." Nikaagiza ya kutumika kutoka Kisekka, soko la spea kule Kampala, laki na kitu. Akaifunga, akafuta msimbo, taa ikazima, nikalipa. Nilipokuwa narudi kutoka Mbale, taa ikawaka tena.

Nilikasirika, halafu nikatulia na kusoma msimbo wenyewe unasema nini. P0135 hausemi sensa imekufa. Unasema saketi ya hita ya sensa namba moja, ile iliyo kabla ya katalitiki (kichujio cha moshi kwenye ekzosi), ina hitilafu. Ndani ya sensa kuna kijihita, kwa sababu haisomi vizuri mpaka ifike kama nyuzi 300 za Selsiasi. Hita isipofanya kazi, sensa hungoja ipashwe na moshi wa ekzosi peke yake, na muda wote huo kompyuta inamwaga petroli kwa kukisia. Hapo nikaelewa ile harufu ya asubuhi.

Na kuhusu kufuta msimbo: kwa hitilafu ya namna hii, kompyuta ya Toyota haiwashi taa mara ya kwanza. Husubiri ione kosa lilelile katika safari ya pili. Kwa hiyo fundi yeyote akikufutia msimbo, gari litaonekana limepona kwa muda. Usimlipe ufundi wote siku hiyohiyo.

Nilipomrudia, fundi akabadilisha maneno. Mara ni sensa ya nyuma, mara ni kompyuta, na kompyuta bei yake ni ya kuuza ng'ombe. Jamaa mwingine pale gereji akanishauri nitoe balbu ya ile taa kwenye dashibodi "ili mama usisumbuke." Ushauri huo uliniudhi kuliko yote. Taa hiyohiyo ndiyo itakayonionya siku injini ikipata ugonjwa mkubwa, halafu mtu mzima ananiambia niipofushe!

Nikadai sensa yangu ya zamani (usikubali kuacha spea yako gereji) nikaenda nayo nyumbani. Marehemu baba alikuwa fundi wa redio, na mita ya kupimia umeme naijua tangu utotoni.

Kwanza nilitaka kuhakikisha ni sensa ipi. Kile kidude cha Bluetooth cha bei rahisi, cha kusomea misimbo kwa simu, kilikataa kusoma. Toyota nyingi za miaka ile zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazizungumzi lugha yake vizuri. Lakini zina njia yao. Kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa inavyokonyeza. Hesabu matundu vizuri, maana la 16 lina moto (umeme) wa betri moja kwa moja. Yangu ikakonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara moja: 21, sensa ya mbele. Ingekuwa ya nyuma ingekonyeza 27. Hadithi ya sensa ya nyuma ikaishia hapo.

Nikapima hita. Kwenye sensa hizi nyaya mbili nyeusi ndizo za hita, na ikiwa baridi inatakiwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 11 hadi 16. Ile "iliyokufa" ilisoma 13. Ya Kisekka nayo ilikuwa humohumo. Zote nzima!

Nikachomoa soketi ya sensa, nikapima moto unaokuja kwenye hita: volti 12 kamili. Hapa ndipo wengi husema moto upo, basi ni kompyuta. Lakini mita hainywi umeme wowote wa maana. Bomba lililokaribia kuziba, ukifunga mkono wake, presha inasoma vizuri. Fungua uone kama ndoo itajaa. Hita inataka karibu ampia moja, kwa hiyo lazima waya ubebeshwe mzigo ndipo useme kweli.

Nikatoa balbu ya breki, ya wati 21, nikaiunga upande mmoja kwenye waya wa moto wa hita na upande mwingine kwenye hasi ya betri. Ikawa nyekundu kidogo kwa ndani, kama haitaki. Mita ambayo dakika moja nyuma ilisema 12, sasa ikashuka chini ya 4. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. (Fanya hivi kwenye waya wa moto tu. Waya unaokwenda kwenye kompyuta usiubebeshe balbu kubwa, utaiunguza kweli.)

Nikamweka mpwa wangu aangalie balbu, nami nikaanza kufinya nyaya taratibu kutoka kwenye soketi kurudi nyuma. Kimya, kimya. Nilipofika pale zinapopinda kupita juu ya ekzosi, nikabonyeza. "Shangazi, imewaka!" Nikaachia, ikafifia. Nikabonyeza, ikawaka.

Tepu ilikuwa imekauka inakatika kama ganda. Ndani yake mtu alishawahi kukata waya na kuuunga kwa kusokota tu, bila risasi ya kuyeyusha ya kuungia nyaya. Shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, nyuzi chache ndizo zilizobaki zinagusana. Nikakata mpaka nikafika kwenye shaba nyekundu safi, nikaunga kipande kipya kwa risasi, nikavisha mpira unaobana kwa moto, nikaufunga mbali na ekzosi. Balbu ikang'aa mpaka inaumiza macho.

Nilirudisha sensa ileile ya zamani, nikafuta msimbo. Nimekwenda Mbale na kurudi wiki kadhaa sasa, mvua na jua, taa haijawaka, na petroli imerudi kwenye kiwango nilichokizoea. Waya, risasi na ule mpira havikufika hata elfu ishirini. Sensa ya Kisekka ipo kabatini. Mwenye 1ZZ ambaye hita yake imepimwa ikakutwa imekatika kweli, aje tuelewane bei.