Usiku wa karibu saa kumi na nne: tulivyochagua hema la familia kwa theluji ya Mlima Rainier

Barabara ya kutoka Longmire kupanda Paradise, ndani ya Hifadhi ya Mlima Rainier, hufungwa kila usiku majira ya baridi. Asubuhi mitambo hutangulia kukwangua theluji, ndipo askari wa hifadhi wafungue lango, hali ya hewa ikiruhusu. Tulikuwa kwenye foleni mapema, minyororo ya matairi imo kwenye buti kama sheria inavyotaka kwa kila gari kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 1 Mei, watoto wanakula maandazi kiti cha nyuma. Ilikuwa wikiendi ya sikukuu ya Marais, katikati ya Februari, shule zimefungwa hadi Jumanne.

Tunaishi Tacoma, jimbo la Washington, Marekani. Anga likitakata, Rainier unaonekana wazi kutoka mtaani kwetu, mita 4,392 za mwamba na barafu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nimekua nikiamka na Kibo mbele ya macho. Labda ndiyo sababu nilishindwa kuishi chini ya mlima mwingine bila kuwapeleka wanangu wakalale juu yake. Binti yetu ana miaka kumi na miwili, mdogo wake minane. Kiangazi tulishazoea kutembea nao na mizigo mgongoni, lakini kwa theluji hatukuwa na hema la kufaa, na bila hema la kufaa sikuwa tayari kuwapeleka.

Nilianza kulitafuta mwezi Oktoba. Maduka makubwa yanauza mahema ya watu wanane kwa bei nafuu sana, marefu kiasi cha mtu mzima kusimama, yamegawanywa vyumba kwa pazia. Ukiyaona dukani unasema familia imepata nyumba. Kwa kambi ya bustanini wakati wa joto yanafaa kabisa. Kwenye theluji ni hatari. Paa lake ni la bapa, nusu ya kuta ni neti, kitambaa cha nje kinaishia juu ya magoti, na fito ni za faibaglasi, ambayo kwenye baridi kali huwa kavu na kukatika. Theluji mpya ya milima hii ya Cascade ni nzito, ina maji mengi. Chukua kilo 100 kwa mita ya ujazo: zikianguka sentimita thelathini usiku mmoja, kila mita ya mraba ya paa imebeba kilo 30. Paa bapa halina pa kuumwagia mzigo huo.

Upande wa pili yako mahema ya misimu minne, yale ya wapanda milima. Fito zake ni za alumini, zinapishana mara kadhaa juu, kitambaa cha nje kinafika chini kabisa, mlango wa neti una kifuniko cha zipu ili unga wa theluji usipenye. Nayaheshimu. Lakini la watu wanne lilikuwa zaidi ya dola 900, na ndani yake dari lilikuwa chini kiasi kwamba mume wangu alikaa ameinama shingo. Ile "watu wanne" wanayoandika ni hesabu ya miili iliyolala ubavu kwa ubavu, kila mmoja na nusu mita na kidogo ya upana. Mabegi hayamo katika hesabu hiyo, wala makoti, wala buti zenye theluji.

Nikampigia kaka yangu Moshi. Miaka mingi alikuwa mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, akipandisha mahema ya wageni hadi kambi ya Barafu, mita 4,673, mahali ambapo upepo hauna adabu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Watoto hawajambo?"

Nilipomweleza shida yangu, hakuniuliza bei wala aina. Aliuliza, "Giza linaingia saa ngapi huko, na kunakucha saa ngapi?"

Nikamwambia: Februari jua linazama saa kumi na moja na nusu jioni, linachomoza baada ya saa moja asubuhi.

"Basi mtakuwa ndani karibu saa kumi na nne, na mtoto hawezi kulala saa zote hizo. Tafuta hema la kukaa macho. Mgeni wa Kibo anaingia hemani kulala tu, chakula anakula kwenye hema lingine. Nyinyi hamna hema lingine."

Maneno hayo yalinipa kipimo. Kuanzia hapo kila hema nililolitazama nilijiuliza: mama anaweza kumvalisha mtoto suruali tatu akiwa amesimama? Watu wanne wanaweza kuketi wakatazamana, wakacheza karata, sahani zikiwa katikati? Buti zitakaa wapi? Na baada ya hayo yote, upepo ukija?

Tulikwenda REI. Ni duka la ushirika, lilianzishwa Seattle mwaka 1938 na akina Lloyd na Mary Anderson pamoja na wenzao waliotaka kupata zana za milimani kwa bei ya haki. Mtu wa Uchagani ukitaja ushirika anakumbuka KNCU, iliyoanza 1933 kwa wakulima wa kahawa, na kwangu lilikuwa jambo la kupendeza kuona wazo lile lile likifanya kazi kwa kamba na mahema. Tukalala sote wanne sakafuni ndani ya hema moja baada ya jingine, na mabegi yetu kando. Ninamsihi kila mzazi afanye hivyo kabla ya kutoa fedha, maana picha haikuonyeshi goti la mwanao likiwa mbavuni mwako.

Tulichonunua mwishowe ni hema la umbo la piramidi, lenye mlingoti mmoja katikati, bila sakafu, kwa chini ya dola 300 kutoka kwa mtengenezaji mdogo. Chini ni mita tatu kwa tatu, kileleni mita 1.9. Kitambaa ni poliesta, na hilo nililichagua makusudi: nailoni ikilowa hulegea, poliesta inabaki imekaza. Uzito wake haufiki kilo tatu, kwa hiyo kiangazi linabebeka mgongoni, na tunaning'iniza ndani yake chumba cha neti chenye sakafu kwa ajili ya mbu. Hema moja, misimu miwili.

Lakini mita za mraba tisa za piramidi si tisa za kukalia, maana kuta zinaegemea ndani. Ukipanda sentimita 60 kutoka chini, upana uliobaki ni mita mbili na kidogo. Kwenye udongo hilo ni kasoro. Kwenye theluji, ardhi yenyewe inachimbika, na hapo ndipo hema lisilo na sakafu linapolishinda lenye sakafu.

Fedha tulizookoa ziliingia kwenye magodoro. Hili nalisisitiza kwa sababu familia nyingi humalizia bajeti kwenye hema, kisha watoto wanatetemeka usiku. Hema linazuia upepo na theluji, halileti joto, na baridi kubwa inatoka chini. Magodoro ya kambini huandikwa kipimo cha R, yaani uwezo wa kuzuia joto la mwili lisipotelee chini. Kwa theluji unataka jumla ya 5 au zaidi. Vipimo hivyo hujumlishwa: kila mmoja wetu alikuwa na mkeka wa povu chini na godoro la kupuliza juu yake.

Saa nne asubuhi tulikuwa Paradise, mita 1,645 juu ya usawa wa bahari. Hapa ni mojawapo ya mahali panapopata theluji nyingi sana duniani kati ya zile zinazopimwa. Msimu wa 1971–72 jumla iliyoanguka ilikuwa zaidi ya mita 28. Kulala nje kunahitaji kibali, na kambi ya juu ya theluji Paradise inaruhusiwa tu theluji ikiwa na kina cha futi tano, mita moja na nusu, ili majani na maua ya chini yasiumie. Siku ile kina kilikuwa kimepita hapo kwa mbali. Tulifunga mizigo kwenye sleji mbili za plastiki, zile za watoto kuteleza, tukazivuta kwa kamba kiunoni. Kila mtu alivaa viatu vipana vya thelujini. Hatukwenda mbali, na wala hatukukusudia. Tulitafuta kitu kimoja: mahali tambarare penye kundi la misonobari upande upepo unapotoka, mbali na miteremko mikali ambako maporomoko yanaweza kushuka. Hema la bei yetu linahitaji msaada wa miti. Juu kule Panorama Point, penye upepo mtupu, nisingelipiga.

Kwanza tukakanyaga. Sote wanne tulizunguka eneo lile na viatu vyetu vipana hadi theluji ikashikana, kisha tukaiacha nusu saa. Theluji iliyokanyagwa na kuachwa huganda ikawa ngumu. Ukiharakisha, utazama usiku kucha katika shimo la umbo la nyonga yako. Vigingi vya kawaida havishiki kabisa. Tulikuwa tumekata vijiti vya mianzi vya sentimita thelathini nyumbani. Kila kimoja tukakifunga kamba katikati, tukakizika kikiwa kimelala, tukakanyaga juu. Baada ya robo saa binti yangu alivuta kamba kwa nguvu zake zote, haikusogea.

Hema lilipokuwa limesimama, mume wangu aliingia na sepetu akachimba ndani kina cha sentimita 40, akiacha ukingo wa sentimita 30 pande zote na nguzo ya theluji katikati ya kuwekea mlingoti. Chini ya mlingoti tuliweka kibao cha mbao usizame. Pale ambapo kitambaa kingegusa uso wa mtu aliyelala, sasa palikuwa na karibu sentimita 80 za hewa. Mbele ya mlango alichimba shimo la kina zaidi: unaketi ukingoni, miguu inaning'inia, unafungua buti kama mtu aliye barazani kwake. Mwanangu alikata rafu ndogo ukutani za taa na vikombe. Kazi yote ilichukua muda mrefu wa mchana, na watoto hawakuuliza hata mara moja tunaondoka lini.

Jiko lilikaa nje, nyuma ya ukuta wa matofali ya theluji. Mtu asiwashe jiko ndani ya hema lililofungwa, hata kwa dakika chache za kupasha mikono. Kaboni monoksidi haina harufu. Tulitumia jiko la mafuta ya kimiminika, kwa sababu gesi ya butani ikifika nyuzi sifuri haitaki kutoka mtunguni. Ukiyeyusha theluji anza na maji kidogo chini ya sufuria, vinginevyo sufuria inaungua na maji yananuka moshi. Makande niliyapika nyumbani, nikayagandisha kwenye mifuko. Mlimani yakabaki yameganda bila gharama, yakahitaji kupashwa tu. Mbweha alikuja kusimama mbali akitutazama. Wapo wengi Paradise waliozoea watu, na kuwapa chakula ni marufuku, kwa faida yao. Tukaingiza sufuria ndani.

Kuanzia saa kumi na mbili jioni tulikuwa sote hemani. Tulikaa duara kuuzunguka mlingoti, migongo imenyooka, mabegi ya kulalia magotini. Binti alisoma kwa sauti. Tukacheza karata. Mdogo alipotaka kwenda haja, nilisimama naye katikati nikamvalisha koti na suruali bila kumkanyaga mtu. Saa tatu usiku hakuna aliyekuwa amechoka kukaa humo.

Theluji ilianza usiku wa manane. Tundu la hewa la kileleni tuliliacha wazi na upande mmoja wa chini tukauachia nafasi, hata kama ubaridi unaingia, maana pumzi za watu wanne zikikosa njia zinaganda ukutani na kunyesha juu yenu. Hata hivyo barafu nyembamba ilijitengeneza. Hakuna hema linaloikwepa kabisa. Niliamka mara kadhaa kuugonga ukuta kwa kiganja, theluji ikateleza chini kwa sauti nzito. Mume wangu alitoka kuondoa iliyokuwa imejaa pembeni, maana ikirundikana inaziba hewa na kuzisukuma kuta ndani. Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi saba chini ya sifuri. Watoto walikuwa wamelala fofofo, mikono ya binti ikiwa nje ya begi.

Kuondoka kuna kazi yake. Mianzi ilikuwa imeganda kabisa, tukaichimbua kwa sepetu. Kitambaa kilikuwa kigumu, hakikunjiki vizuri, tukakisokomeza tu kwenye mfuko. Shimo tukalifukia lisije kumvunja mtu mguu. Nyumbani hema lilitundikwa gereji hadi likakauka kila mshono, kwa sababu likihifadhiwa bichi utandu wa kuzuia maji unaoza na kubanduka.

Jioni ile nilimtumia kaka picha. Akapiga simu papo hapo.

"Ndani mlichimba wenyewe?"

"Shemeji yako alichimba, watoto wakatengeneza rafu."

"Na mlingoti ni mmoja tu? Nipimie kila upande, na urefu wa mshono kutoka pembeni hadi kileleni. Kuna fundi turubai hapa mjini, nataka anishonee moja la kupandia na wanangu Shira, huku Kilimanjaro. Zipu ni ya namba gani?"

Nikachukua futi ya cherehani, nikarudi gereji.