Papa Aliyenipita kwa Miguu

Boti ilituchukua saa mbili kutoka Gladstone, Queensland, Australia, hadi Heron Island, kisiwa kidogo cha mchanga wa matumbawe kwenye safu kubwa ya miamba ya matumbawe iitwayo Great Barrier Reef, kilomita kama 80 kutoka pwani. Muda mwingi nilikuwa nimeinamia mfuko wa plastiki, kwa hiyo mandhari ya njiani sina la kusimulia.

Nilichofuata ni papa aitwaye kwa Kizungu epaulette shark. Si wale wa kutisha watu. Huyu hata akikua sana huzidi mita moja kidogo tu. Hushinda amejilaza chini kwenye matumbawe, na bahari ikipwa hubaki kwenye vidimbwi.

Magharibi maji yakapwa. Mwongozaji alitugawia fimbo na sharti moja: kanyaga mchanga, tumbawe usiliguse. Tukaanza kujikongoja, maji vifundoni, tukikwepa majongoo bahari waliotapakaa kila mahali. Saa nzima hatukuona papa. Nimeshaanza kununa, tochi ikamulika mkia mwembamba, rangi ya mchanga, wenye madoa ya kahawia. Nikadhani mkunga.

Alikuwa kwenye kidimbwi cha ukubwa wa beseni. Nyuma ya pezi la kifua, kila ubavu, doa kubwa jeusi lililozungushiwa weupe, pale pale askari anapobandika cheo chake begani. Jina lake la Kizungu limetoka hapo. Nilichuchumaa. Matamvua yalikuwa yanacheza taratibu mno. Usiku kila kiumbe kidimbwini kinavuta oksijeni na hakuna anayeitengeneza, hivyo hewa huisha upesi. Papa huyu hupunguza mapigo ya moyo, huzima sehemu ya kazi za ubongo, na anaweza kukaa takriban saa nzima bila oksijeni kabisa, ubongo ukabaki salama. Mimi niliyeshindwa na boti nilinyamaza.

Kisha akaamka. Hakuogelea. Alitanguliza pezi moja la kifua, la tumboni upande wa pili likafuata, kiwiliwili kikijipinda kama cha mjusi, akapanda ukingo wa tumbawe hadi mgongo wote ukawa nje ya maji. Akatulia hapo. Akapita kando ya kiatu changu bila haraka, akatumbukia kidimbwi cha pili na kuanza kuchokoa mchanga kwa pua, nadhani akitafuta kaa au minyoo.

Nilitaka kumfuata, lakini mwongozaji alikuwa ameshageuka. Maji yalianza kujaa, na vile vidimbwi viwili tayari vilikuwa kimoja.