Dumu Hilo Tupu

Umeme ulikatika Unguja tarehe 10 Disemba 2009 na haukurudi mpaka Machi mwaka uliofuata. Ule waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, uliolazwa tangu 1980, ulipata hitilafu, na kisiwa kizima kikaingia kizani. Pemba hawakuguswa, maana siku hizo walikuwa bado wanatumia majenereta yao ya dizeli. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikawasikia Wapemba wakituonea huruma sisi watu wa mjini. Huruma yenye kicheko ndani yake.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka Nairobi, nilikokuwa nasoma uhuishaji. Nyumbani wakiulizwa na wageni walijibu tu, "Anasomea katuni," halafu wanabadilisha mazungumzo. Nilikuja na laptopu, kamera ndogo ya mfukoni na kazi ya muhula: filamu ya dakika moja, kila mtu ya kwake, na isifanane na ya mtu mwengine. Hilo la mwisho mwalimu alilisisitiza akiwa anatutazama usoni mmoja mmoja, kwa sababu tulikuwa tunafanana vibaya sana. Nusu ya darasa ilikuwa ikimfuata Hayao Miyazaki, yule bingwa wa katuni wa Japani, kwa maana ya kwamba waliyachukua macho makubwa wakamwachia yeye mengine yote. Mimi, kwa kuwa natoka Tanzania, kila mtu alingoja nifanye Tingatinga. Namheshimu marehemu Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam akaanza kupaka rangi za mafuta juu ya vibao miaka ya 1960, akafariki 1972 kabla ya kuona jina lake likigeuka biashara. Lakini wale chui na twiga nilikuwa nawaona tangu mtoto, wametundikwa Mtaa wa Gizenga safu kwa safu wakingoja watalii. Hawakuwa wangu hata kidogo.

Wangu alikuwa Lotte Reiniger. Mzaliwa wa Berlin, 1899. Mwaka 1926, miaka kumi na moja kabla ya Disney kutoa filamu yake ndefu ya kwanza ya katuni, mwanamke huyu alimaliza filamu ya zaidi ya saa moja juu ya mwanamfalme Achmed, visa vyake vimetoka katika Alfu Lela Ulela, na yote ni vivuli. Watu wake aliwakata kwa mkasi kutoka kwenye kadibodi na bati jembamba la risasi, akawaunga viungo kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, kamera ikiwatazama kutoka juu. Anasogeza mkono kidogo, anapiga picha. Anasogeza tena, anapiga. Mkasi wenyewe aliushika palepale bila kuupeleka huku na huku. Kilichokuwa kikizunguka ni karatasi. Vidole vya watu wake ni vyembamba kuliko sindano, na vilemba vyao vimetobolewa nakshi ambazo hata mchonga milango wa Mji Mkongwe angezipa heshima yake. Niliiangalia filamu ile mpaka nikawa najua inapokata.

Na nikawa namwiga kwa kompyuta, jambo la kuchekesha ukilifikiria. Nilichora vivuli kwenye skrini, nikavitoboa nakshi kwa kalamu ya umeme, nikaviendesha kwa programu. Kisha kikaja kiza. Betri ya laptopu ikaisha, na kwenye duka lililokuwa na jenereta foleni ya simu za kuchajiwa ilikuwa imefika barabarani. Mwenye duka alinitazama na laptopu yangu, akasema hicho kitu kinakula umeme wa simu kumi. Nikarudi nyumbani kutafuta mkasi.

Nyumbani ni Kikwajuni, kwa shangazi yangu aliyenilea. Kioo nilikitoa kwenye fremu ya picha ya zamani, kwa ruhusa iliyochukua muda kupatikana. Nilikilaza juu ya stuli mbili ndefu. Juu yake nikatandika karatasi nyembamba ya kunakilia ramani ili mwanga utawanyike. Kamera niliifunga kwa kamba kwenye ubao uliokaa juu ya migongo ya viti viwili, jicho lake likitazama chini. Kadibodi nyeusi nilinunua Darajani, waya nikaukwangua kutoka kwenye mabaki ya fundi redio.

Tatizo likawa mwanga. Mchana nilijaribu kulielekeza jua la dirishani chini ya kioo kwa kioo cha kujitazamia. Picha moja moja zilikuwa nzuri; ukizipitisha kwa haraka, zote zinapepesa, kwa sababu kila kijiwingu kilichopita kilikuwa kimeacha alama yake. Kandili nayo ina moto wa manjano usiotulia. Kilichotakiwa ni karabai, na karabai alikuwa nayo mjomba, mvuvi wa dagaa. Mvuvi wa dagaa haachi karabai yake nyumbani usiku wa giza, ndiyo inayompa riziki. Ila mbalamwezi ikitoka, dagaa hawaifuati taa, vyombo vinapumzika, na taa inapumzika. Kwa hiyo ratiba yangu ya filamu ikapangwa na mwezi. Mwisho wa Disemba ulikuwa mpevu, na mjomba akaileta karabai mwenyewe, akaipiga pampu, akaniambia, "Ukikipasua kile kisoksi chake, unanunua kipya."

Usiku huo ndio ninaousimulia. Musimu wa kaskazi, joto halina pa kwenda, karabai inavuma chini ya kioo na mimi nimeinama juu yake, jasho linanidondoka. Shangazi alikuwa amejilaza kwenye mkeka pamoja na jirani yetu wa nyumba ya pili. Walikuwa wameshamaliza maembe, wameshamaliza maridhiano ya Novemba kati ya Rais Karume na Maalim Seif na nani alimpa nani mkono, na walikuwa wamefika kwenye maji. Maana umeme ulipokatika, pampu nazo zilisimama, na mji mzima ukarudi visimani. Kutwa nzima barabara ilikuwa ni watu na madumu. Ndiyo maana filamu yangu nami nikaiamulia iwe hiyo: mwanamke anakwenda kuteka maji, anarudi. Basi.

Jasho lilidondoka kwenye karatasi, nikaiondoa ili niifute. Mwanamke wangu wa kadibodi akabaki juu ya kioo kitupu, na kivuli chake kikaruka mpaka darini, kikubwa, kutoka boriti hadi boriti. Wale wawili waliolala chali wakamwona kabla yangu.

"Yarabi! Huyo nani?" shangazi akauliza.

"Mwanamke anakwenda kuteka maji."

"Wa wapi?"

"Wa hapa hapa, shangazi."

"Hebu mtembeze."

Nikamtembeza, nikimsukuma kwa kidole hatua kwa hatua kama nilivyofundishwa: kisigino kinagusa chini, mwili unashuka, mguu wa nyuma unapita, mwili unapanda, na mikono inapishana na miguu. Mwendo huo uko katika kila kitabu cha uhuishaji na si uongo. Ndivyo anavyokwenda mtu mwenye suruali na barabara pana.

"Huyu wa Kikwajuni?" shangazi akasema. "Huyu anakwenda Amani, kwenye gwaride la Mapinduzi."

Jirani alicheka mpaka akakaa kitako. Kisha akatazama tena darini, akakunja uso kidogo, akasema neno ambalo mwalimu wangu asingelisema vizuri zaidi: "Na dumu hilo tupu."

Nikasema hapana, limejaa, hapo anarudi kutoka kisimani.

"Mwanangu, mimi leo nimebeba sita. Hilo tupu."

Katika uhuishaji hakuna mtihani mkubwa kuliko uzito. Unaweza kuchora tembo akapaa kama puto ukikosea mahali pa kumpunguzia kasi. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari, na bado dumu la kadibodi liliwaambia wanawake wawili waliolala chali kwamba ndani yake hamna kitu.

Shangazi akainuka. Akaenda uani akarudi na dumu la lita ishirini lililojaa, akajifunga kanga kifuani, akavuta nyingine kichwani, akasimama baina ya karabai na ukuta. "Tazama bega," akasema. Bega la upande wa dumu lilishuka, na mkono wa pili ukatoka nje wenyewe, umenyooka, unatafuta mizani. Hatua zikawa fupi na za haraka, karibu kukimbia, kwa sababu ukichelewa mkono unauma. Kiwiliwili chote kikaegemea upande mtupu. Miguu haikuonekana kabisa. Kilichoonekana ni pindo la kanga, likichelewa nyuma ya kiuno, likifika wakati kiuno kimeshageuka. Na ndara: kivuli hakina sauti, lakini hata kwenye ukuta ulijua kwamba zinaburuzwa.

"Huyo ni mimi," akasema. Akaweka dumu chini, akashusha pumzi. "Sasa huyu."

Akalinyanyua tena, na kwenye ukuta akaja mwanamke mwengine. Huyu alikwenda hatua chache, akasimama, akabadilisha mkono, akageuza kichwa kutazama nani anamwona, akaendelea. Jirani alipiga kelele jina la mwenye mwendo ule kabla hajafika nusu ya ukuta. Nami nilimjua palepale. Hakuwa na uso, hakuwa na rangi, kanga ilikuwa ni ile ile ya shangazi.

Akatuletea na wengine. Bibi mmoja aliyekwisha tangulia mbele ya haki, ambaye nyonga yake ya kulia ilikuwa ikianza safari kabla yake; hapo jirani alinyamaza, akasema tu "Mungu amrehemu," na shangazi akamtembeza mpaka mwisho wa ukuta kwa adabu. Mke wa tajiri fulani anayebeba ndoo isiyojaa lakini anapumua kwa iliyojaa. Msichana anayejua kwamba vijana wako barazani. Mimi nilikuwa nimekaa chini nachora mistari tu, bega na pindo, bega na pindo, kwenye gazeti lililokuwa limefungiwa maembe.

Kulipokucha nilimvunja yule mwanamke wa gwaride. Nilimtoa miguu yote miwili. Mahali pake nikakata sketi tatu zinazopandana, kila moja imeungwa kwa waya kwenye ile ya juu yake, ili kiuno kikigeuka, ya kwanza ifuate, ya pili ichelewe picha mbili, ya tatu ichelewe nne. Kwa sekunde moja nilipiga picha kumi na mbili, kila moja ikikaa fremu mbili, kwa hiyo ule uchelewaji ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini jicho linauona. Shingo niliifupisha. Bega nikalipa kiungo cha peke yake, kitu ambacho sikuwahi kukiona katika michoro ya Reiniger niliyokuwa nayo, na hicho kiungo ndicho kilichobeba maji. Wenzake niliwakata vivyo hivyo.

Nakshi zilinipa tabu kuziacha. Nilikuwa nimeitoboa kanga ya mwanamke wangu maua madogo kwa wembe, kazi ya kuumiza macho, kwa sababu ndivyo yule bibi wa Berlin alivyofanya na mimi nilitaka niitwe mwanafunzi wake. Shangazi akaitazama akaisifu. Halafu akauliza kama usiku maua ya kanga yanaonekana. Hayaonekani. Nikakata nyingine, nyeusi tupu, nzito, yenye mgongo mpana. Ile ya maua ninayo mpaka leo, imo ndani ya daftari, na bado naiona ni nzuri kuliko iliyoingia kwenye filamu. Sina hakika kama Reiniger angekubaliana nami au na shangazi. Nadhani na shangazi: mtu aliyekubali kufanya filamu nzima bila uso wa mtu hata mmoja alijua kwamba mwili unasema.

Mwezi ukaanza kuchelewa kutoka, mjomba akaja kuchukua karabai yake, kisoksi kizima. Nilichokuwa nimepiga hakikufika dakika moja. Nilirudi Nairobi umeme haujarudi Unguja, nikaunganisha picha kwenye kompyuta za chuo, sikuongeza kitu. Mwalimu aliitazama mara mbili mfululizo bila ya kusema neno, kisha akauliza mbona hawana miguu. Mwanafunzi mmoja wa Mombasa akamjibu kutoka nyuma kabla yangu: "Wanayo, mwalimu. Si unaona wanavyoburuza?"

Machi shangazi alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia feni, redio na watoto wa jirani wakiwasha na kuzima taa kwa furaha. Baada ya salamu akauliza ile katuni yetu imefikia wapi. Nikamwambia imeshaonyeshwa darasani, na mtu waliyempenda ni yule wa pili, anayesimama kubadilisha mkono na kugeuza kichwa.

"Wakakuuliza ni nani?"

"Nimewaambia ni jirani."

Akanyamaza. "Basi ukija nayo," akasema, "tutaiangalia chumbani, mlango tumefunga. Mwenyewe akiuona mwendo ule atajijua, na atajua nani kakufundisha."